Betri ya simu ya upepo: wengi tunaiua wenyewe kwenye chaja

Leo tuongelee kitu kidogo ambacho kikigoma kinaweza kuondoka na mtu: betri ya simu ya upepo, yaani hizi redio za mkononi za kubonyeza ndo uongee.

Najua kuna atakayesema, siku hizi kila mtu ana simu, redio za nini? Sawa, ila simu inategemea mnara. Ukiwa mbali ziwani kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusini umeanza, mtandao hakuna, redio inaweza kumwita mwenzako wa chombo cha jirani bila mnara wowote. Lakini betri ikiwa imekufa, hiyo ni plastiki tu.

Watu huniletea betri "mbovu" na lawama zote kwa Mchina. Nikiuliza ilivyokuwa inachajiwa, mara nyingi jibu liko hapo hapo: betri ya aina moja imetunzwa kwa masharti ya aina nyingine. Kwa hiyo kwanza kabisa soma lebo. Aina ziko tatu.

Ni-Cd, ya nikeli na kadimi. Hii ni mzee, Msweden Waldemar Jungner aliivumbua mwaka 1899. Ukizoea kuitumia kidogo na kuirudisha kwenye chaja, inapoteza nguvu na redio inazima mapema. Kwa hiyo itumie mpaka redio ilie kuomba chaji, ndo uchaji. Ila usiifunge kwenye balbu ya tochi uimalize kabisa. Seli zake zimeungana kwa mfululizo, na iliyo dhaifu ikiisha kabla ya wenzake inasukumwa kinyume na kuharibika. Kila seli isishuke chini ya volti 1, yaani betri ya volti 7.2 yenye seli 6 ikomee kwenye volti 6.

Ni-MH inabeba chaji zaidi na haina sana tatizo hilo, ila inachukia joto na kuchajiwa kupita kiasi. Tena ukiiweka tu kabatini chaji inapungua yenyewe, hivyo usiiamini kwa safari kabla ya kuichaji upya.

Li-ion, ya lithiamu, iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na waliochangia kuivumbua walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Redio nyingi za bei rahisi kama Baofeng zinatumia hii. Hapa ndipo watu wanapokosea: ule ushauri wa "imalize kwanza ndo uchaji" ni wa Ni-Cd! Lithiamu ichaji muda wowote, hata ikiwa nusu. Kuimaliza kabisa kila siku ndiko kunakoiua.

Sasa chaja. Usibadilishane na jirani eti kwa sababu betri imeingia. Chaja ya lithiamu inasimama kila seli ikifika volti 4.2. Ya nikeli haijui mpaka huo, na lithiamu ikizidishiwa inaweza kuvimba na kuwaka moto. Chaja za pole pole za Ni-Cd zinahitaji saa 14 hadi 16, na nyingine hazijizimi, hivyo andika saa uliyochomeka. Zima redio wakati inachaji.

Jambo la nne ni joto. Ziwa liko mita kama 475 kutoka usawa wa bahari, wakati Mbinga mjini ni zaidi ya mita 1,300. Betri inayochajiwa vizuri Mbinga kwenye baridi ya Juni inaweza kuteseka Mbamba Bay mchana chini ya bati. Kikomo cha kuchaji lithiamu huwa nyuzi 45. Betri ikitoka juani, iache ipoe kivulini kwanza. Chaji usiku au alfajiri.

Gridi ya Taifa ilishafika Ruvuma kwa njia ya Makambako hadi Songea, iliyozinduliwa mwaka 2019, ila sola bado tunayo kibao. Ukichaji kwa inveta unapandisha volti 12 kuwa 230, kisha chaja inazishusha tena, na kila hatua inakula umeme. Tafuta chaja ya gari inayoendana na redio yako, uchomeke moja kwa moja kwenye betri ya sola.

Pia punguza kuongea. Watengenezaji hupima betri kwa hesabu ya asilimia 5 kuongea, 5 kusikiliza na 90 kusubiri. Tuseme betri ina mAh 1,800 na redio inakula mA 1,400 ukibonyeza: ukiongea mfululizo inaisha kwa saa moja na robo hivi! Chombo cha karibu kiite kwa nguvu ndogo. Na kama milima ya Umatengo imekukinga, kubonyeza kwa nguvu kubwa mara ishirini hakutaitoboa. Sogea panapoonekana wazi.

Ukiweka lithiamu kwa miezi, iache nusu chaji, itoe kwenye redio, sehemu yenye ubaridi. Vyuma vya mguso vifute kwa ufutio wa penseli. Iliyovimba usiitoboe, na Ni-Cd iliyokufa usiitupe ziwani wala kuichoma, kadimi ni sumu na samaki hao tunakula sisi. Halafu kibali cha TCRA kwa redio yako usisahau.

Leo kabla hujachomeka, igeuze betri usome lebo. Wenye uzoefu mwingine wa huko mwaloni, tupieni maoni hapo chini.