Injini inakula oili? Pima kwanza kabla ya kununua dawa

MKULIMA wa Nkoaranga anayeteremsha ndizi, parachichi au mboga kwenda soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi huijua vizuri hesabu ya mafuta ya gari lake. Hesabu inayomponyoka ni ya oili. Leo anaongeza nusu lita, wiki ijayo lita nzima, na mwisho wa mwezi faida ya mikungu kadhaa imeungulia ndani ya injini.

Akifika duka la spea mjini Arusha huonyeshwa chupa ndogo ya dawa ya kuchanganya na oili. Maandishi yake huahidi kwamba moshi utakoma, injini itapata nguvu na oili haitapungua tena. Swali la mfanyabiashara ni moja tu: je, fedha hiyo itarudi?

Jibu ni kwamba dawa hizi zinaweza kusaidia ugonjwa wa aina fulani, lakini si kila ugonjwa. Asiyejua gari lake linaumwa nini anacheza bahati nasibu.

Oili inakwenda wapi?

Oili hupotea kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuvuja nje, kupitia gasketi au sili zilizochoka. Weka boksi la karatasi chini ya injini usiku kucha, asubuhi utaona matone.

Njia ya pili ni sili za valvu. Hivi ni vipira vidogo vinavyozuia oili isiteremke kandokando ya valvu na kuingia kwenye silinda. Kwa joto la miaka mingi vipira hivi hukakamaa na kupasuka.

Njia ya tatu ni ringi za pistoni. Kazi yake mojawapo ni kukwangua oili kwenye kuta za silinda. Ringi zikijaa masizi hunasa kwenye pistoni zisiweze kukwangua. Zikiisha, au kuta za silinda zikilika, oili hupanda juu na kuungua pamoja na mafuta.

Ndani ya chupa kuna nini?

Dawa zinazouzwa kwa kazi hii ziko za namna tatu, na nyingine huchanganya zote. Kuna inayoifanya oili kuwa nzito ili isipite kwa urahisi. Kuna inayolainisha na kuvimbisha kidogo sili za mpira zilizokakamaa. Na kuna inayoyeyusha masizi ili ringi zilizonasa zifunguke.

Hapo ndipo mpaka wa dawa ulipo. Mpira uliokakamaa unaweza kulainika na masizi yanaweza kuyeyuka, lakini chuma kilicholika hakirudi. Hakuna chupa inayoweza kurudisha kuta za silinda au kuunga ringi iliyovunjika. Kwa injini ya namna hiyo, oili iliyofanywa nzito hupunguza moshi kwa muda huku uchakavu ukiendelea. Tena asubuhi za baridi za Juni na Julai mlimani Meru, oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika sehemu za juu za injini.

Madai makubwa ya matangazo yamewahi kufikishwa mbele ya sheria. Nchini Marekani, mwaka 1978, kampuni ya STP ilikubali kulipa dola 700,000 kumaliza shauri lililohusu matangazo ya dawa yake ya oili. Tume ya Biashara ya serikali ya nchi hiyo ilisema vipimo vya kampuni havikuweza kutegemewa kuthibitisha kwamba dawa ilipunguza ulaji wa oili. Sehemu ya fedha hiyo ilitumika kuchapisha magazetini taarifa ya kuueleza umma jambo hilo. Shauri hilo halikuwa na maana kwamba kila dawa ni sumu. Lilionyesha kwamba ahadi ya chupa inahitaji kuthibitishwa.

Pima mwenyewe

Kabla ya kununua chochote, pima. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika kama kumi, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Kwa wakazi wa miteremko ya Meru jambo hili ni muhimu, kwani gari lililoegeshwa kwenye mwinamo hutoa kipimo cha uongo. Jaza oili hadi alama ya juu bila kuizidi, andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, na andika kila kiasi unachoongeza hadi zifike kilomita 1,000.

Baadhi ya vitabu vya magari, vikiwamo vya Toyota, hutaja lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndicho kikomo. Injini nzima hula chini ya hapo kwa mbali. Kama yako imekaribia kikomo, tafuta sababu.

Tazama pia moshi. Moshi wa buluu unaotoka unapowasha gari asubuhi na kisha kupotea, huashiria sili za valvu. Dalili nyingine kwa injini ya petroli hujitokeza unapoteremka kutoka Nkoaranga kwenda lami ukiwa ndani ya gia, mguu ukiwa umeachia mafuta. Ukifika chini na kukanyaga mafuta likatoka wingu la buluu, shuku sili hizo hizo. Moshi wa buluu unaoongezeka kadiri unavyopandisha mlima na mzigo huelekeza zaidi kwenye ringi.

Fundi mwenye kipimo cha kompresheni anaweza kuhakikisha. Hupima kila silinda, kisha humimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda sana, ringi au kuta za silinda zimechoka. Kisipopanda ilhali kipo chini, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi.

Lini ununue, lini uache

Kama dalili ni sili zilizokakamaa au ringi zilizonasa kwa masizi, na gari halijapoteza nguvu, jaribio moja la dawa inayofaa ni la busara. Fuata kipimo cha chupa, usizidishe, kisha rudia hesabu ya kilomita 1,000. Namba zikishuka, umefaidika. Zisiposhuka, usinunue chupa ya pili.

Kama kompresheni imeanguka, weka akiba ya kufungua injini. Fanya hesabu: gari linalokwenda kilomita 1,500 kwa mwezi na kula lita 1 kila kilomita 500, linamaliza lita 36 kwa mwaka, mbali na oili ya kubadilisha. Zidisha kwa bei ya dukani, jumlisha chupa za dawa, kisha linganisha na bei ya seti ya ringi na ufundi.

Wenye bodaboda wawe na tahadhari zaidi. Katika pikipiki nyingi klachi huogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na dawa ya kuongeza utelezi inaweza kuifanya iteleze. Usitie dawa ya gari humo.

Anayenunua pikapu au Kirikuu iliyotumika naye ajihadhari. Muuzaji asiye mwaminifu anaweza kumimina dawa nzito asubuhi ili moshi usionekane mchana. Kagua gari likiwa la baridi, kabla halijawashwa siku hiyo. Chomoa kijiti: oili inayonata kama asali ni onyo. Kisha lipandishe mlima, na mwenzako afuate nyuma akitazama moshi.

Kinga rahisi zaidi ni kubadili oili na chujio kwa wakati, kutumia daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kununua chupa yenye lakiri isiyoguswa na alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Dai risiti pia, ili ukigundua bidhaa ni bandia uwe na cha kuionyesha Tume ya Ushindani (FCC). Oili chafu usiimwage kwenye mfereji wa kumwagilia, kwani maji hayo yanakwenda shambani kwa jirani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa injini huanza kuonekana kwenye kijiti cha oili, na kukichomoa kila wiki hakugharimu hata senti moja.