Fibroidi: Kabla ya kukubali kisu, uliza swali hili
Una fibroidi, hedhi haikatiki, na sasa daktari anataja kutoa kizazi. Pumua kwanza, dada. Muulize kama mishipa inayolisha uvimbe huo inaweza kuzibwa.

Mbinu hii ilitangazwa na Jacques Ravina na wenzake, Ufaransa, mwaka 1995. Mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, ukifuatwa kwa eksirei hadi mishipa ya kizazi, kisha chembechembe ndogo humwagwa humo. Damu ikikosa njia, fibroidi hunywea polepole, kwa miezi. Kizazi kinabaki.

Lakini usidhani ni mteremko. Siku za kwanza utaumwa, tena sana. Na kama bado unataka watoto, sema mapema: huenda kutolewa uvimbe pekee kukakufaa zaidi.