Kope Zinazolegea Jioni

Yuko mtu anayeamka mzima, lakini jioni kope zake zinaanguka, anaona vitu viwili viwili, hata kutafuna kunamchosha. Akipumzika hupata nafuu. Wengine husema ni mvivu au amelogwa. Hapana. Ni ugonjwa uitwao miastenia gravisi.

Damu ina askari wa kupigana na vijidudu. Hapa askari hukosea njia, wakazuia amri ya mishipa ya fahamu isifike kwenye misuli. Hospitali kubwa hupima damu kuwatafuta. Kwa wagonjwa 100 waliolegea mwili, huonekana kwa 85 hivi. Kwa wenye shida ya macho tu, kama nusu. Basi jibu la “hakuna” si uhakika kwamba ugonjwa haupo. Vipo vipimo vingine, na dawa zipo.

Akishindwa kumeza au kupumua, msingoje majibu. Mpelekeni hospitali mara moja.