Wembe wa Kukunja na Mkono Usiokandamiza

Mwaka 1769, fundi wa visu wa Paris aitwaye Jean-Jacques Perret alichapisha kitabu kizima cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe. Zama hizo mwenye uwezo alinyolewa na kinyozi, na wembe wenyewe ulikuwa bapa refu la chuma linalokunjwa ndani ya mpini wake. Perret alibuni pia kinga ya mbao iliyofunika sehemu ya makali, ili wembe usizame kwenye ngozi ya asiyezoea.

Zaidi ya miaka 250 imepita na woga ni uleule. Wanaume wanaourudia wembe wa kukunja siku hizi, wengine kwa kupenda ufundi wake, wengine kwa kuchoka kutupa nyembe za plastiki kila wiki, karibu wote huanza kwa kuuogopa ukali. Wanakosea cha kuogopa. Wembe unaomjeruhi mwanagenzi mara nyingi ni ule uliopoteza makali: badala ya kukata nywele huzivuta, naye akihisi zinavutwa huongeza nguvu, na nguvu ndiyo inayopasua ngozi. Wembe mkali ulioshikwa kwa mkono mwepesi hupita shavuni bila kuacha alama.

Elimu hiyo ilikuwa ya kawaida hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mmarekani King Camp Gillette alipoingiza sokoni wembe wa kubadilisha mwaka 1903, mauzo ya mwaka huo yalikuwa mashine 51 na nyembe 168 tu. Vita Kuu ya Kwanza ikageuza mambo, pale jeshi la Marekani lilipowagawia askari wake vifaa hivyo kwa mamilioni. Tangu hapo wembe ukichoka hutupwa, na kijana hana nafasi ya kumwona baba yake akinoa.

Kwa hiyo anayeanza leo huanzia kwenye chuma chenyewe. Mji wa Sheffield, Uingereza, ulipata sifa ya nyembe baada ya fundi saa Benjamin Huntsman kugundua, mnamo miaka ya 1740, namna ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo hadi kikawa sawasawa toka upande hadi upande. Alikuwa akitafuta chuma bora cha springi za saa. Wenye visu wakafaidika. Solingen nchini Ujerumani ulifuata, na tangu mwaka 1938 jina la mji huo linalindwa kwa sheria, halichapwi kwenye kisu au wembe uliotengenezwa kwingine. Mji wa Thiers, Ufaransa, nao bado unafua nyembe za aina hii.

Upana wa wembe hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Unaomfaa mwanagenzi ni wa 5/8 au 6/8, yaani milimita 16 hadi 19 hivi, wenye ncha ya mviringo, kwa sababu ncha kali ya pembe ndiyo inayochoma chini ya pua na karibu na sikio. Jambo la kuuliza dukani kabla ya bei ni kama wembe umenolewa kwa ajili ya kunyolea. Nyembe nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa kali za kukata karatasi, si za kukata ndevu, na anayejifunza kwa wembe wa namna hiyo huishia kuulaumu mkono wake bure.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science majibu ya swali linaloonekana jepesi: kwa nini wembe huisha makali wakati nywele ni laini kuliko chuma kwa takriban mara 50? Walizichunguza nyembe za kutupa kwa hadubini ya elektroni, wakaona kwamba makali hayaliwi polepole tu kama soli ya kiatu. Humeguka. Unywele unapopinda na kukutana na makali kwa mshazari, mahali ambapo chuma si sawasawa, kipande kidogo mno hung'oka.

Hapa ndipo kuna tofauti ambayo wanagenzi wengi hawaielewi. Kuna kunoa kwenye jiwe na kuna kupitisha kwenye ukanda wa ngozi. Jiwe huondoa chuma na kutengeneza makali mapya. Hufanywa kila baada ya wiki kadhaa au miezi, kutegemea ugumu wa ndevu, na mwanzoni ni busara kumwachia anayeijua kazi. Ukanda kazi yake ni kunyoosha na kulainisha makali yaliyopo, na hufanywa kila kabla ya kunyoa. Wembe hulazwa bapa, ukasukumwa mgongo ukiwa mbele na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho hugeuzwa kwa kubingirishwa juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, kisha hurudi. Mizunguko 20 hivi kwenye upande wa turubai wa ukanda na 50 kwenye ule wa ngozi inatosha. Pole pole ndiyo njia. Anayeiga mwendo wa kinyozi wa kwenye filamu hukata ukanda wake wiki ya kwanza, na ukanda mzuri si rahisi bei.

Ndevu nazo zina haki yake. Zikiwa kavu ni ngumu. Zikinyonya maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu hulegea, na nguvu inayotakiwa kuzikata hupungua sana. Ndiyo maana wakati mzuri wa kunyoa ni baada ya kuoga. Povu la sabuni lipakwe kwa brashi, liwe zito lenye maji, lisikauke usoni.

Kisha mkono. Vidole vitatu hukaa juu ya shingo ya wembe, kidole gumba chini yake, kidole kidogo kwenye kimkia cha chuma, mpini ukiwa umefunguliwa na kuinuliwa juu. Makali huwekwa kwenye ngozi kwa nyuzi 30 hivi. Yakilazwa mno huvuta, yakisimamishwa mno hukata. Mkono wa pili huvuta ngozi taratibu ili isikunjike, na wembe huteremka kwa miendo mifupi ukifuata nywele zinakolalia. Uzito wa wembe wenyewe unatosha.

Wiki za mwanzo ni za mashavu tu. Sehemu nyingine zimaliziwe kwa mashine ya kawaida, bila aibu yoyote. Likishazoeleka shavu, taya hufuata, halafu shingo, ambako nywele hulala pande tofauti na kikoromeo huleta mwinuko. Kidevu na mdomo wa juu ni vya mwisho. Mwiko mmoja hauna msamaha: wembe usitelezeshwe kwa urefu wake, kama mtu anayekata mkate. Hilo ndilo kosa linaloleta jeraha refu. Kwa mikwaruzo midogo, jiwe la shabu lililolowanishwa husimamisha damu.

Kwa wanaume wenye ndevu za kipilipili kuna suala zito zaidi, nalo ni vipele. Unywele uliojikunja, ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, hurudi ndani wakati wa kuota, na ngozi huupokea kama mwiba. Mashine zenye nyembe tatu au tano huzidisha tatizo kwa sababu huuvuta unywele kisha kuukata chini mno. Wembe mmoja unaopita mara moja, kwa kufuata nywele, una nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyo hupotea mtu akivuta ngozi kwa nguvu au akirudia kinyume cha nywele kutafuta ulaini wa kioo. Mwenye vipele vilivyotunga usaha asinyoe hadi vipone.

Vinyozi wengi wa Dar es Salaam na Mombasa hutumia kishikio chenye umbo kama la wembe wa kukunja, kinachobeba nusu ya wembe wa kawaida unaotupwa baada ya kila mteja. Hiyo ndiyo njia sahihi ya saluni. Wembe wa kukunja wa chuma haubadilishwi, na dawa zenye klorini huukutusha. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuambukiza. Basi ukishanunua wa kwako, usuuze, ukaushe kwa kitambaa hadi kwenye maungio, upake tone la mafuta, uuweke mbali na watoto, na usimwazime mtu yeyote, awe ndugu wa damu au rafiki wa chumba kimoja.