Kupeleka Gari Kukaguliwa: Jibu kwa Mwenye Lori wa Nanyuki

Msomaji wetu mmoja wa Nanyuki, mwenye lori dogo la kubebea viazi na kabichi, ametuuliza maswali mawili. Kwanza, kwa nini alazimishwe kupeleka lori lake kukaguliwa kila mwaka, ilhali fundi wake huliangalia kila mwezi wala hajapata kuona ubaya wowote? Pili, alipeleke wapi, maana wengine wamwambia aende Nyeri na wengine Meru? Swali la pili ni jepesi, nasi tutalijibu hapo chini. La kwanza lataka maelezo marefu kidogo, kwa kuwa twajua si yeye peke yake anayeliuliza. Watu wengi huona ukaguzi huu kuwa ni kodi nyingine tu iliyovikwa nguo ya usalama.

Tuanze na barabara yenyewe. Mji wa Nanyuki uko juu, yapata mita 1,950 kutoka usawa wa bahari, na njia nyingi za mjini hazina mteremko mkali. Gari laweza kuzunguka humo mwaka mzima, kutoka sokoni mpaka kituo cha matatu na kurudi, breki zake zisipate kazi ya kweli hata siku moja. Lakini lori hilo hilo likipakiwa viazi na kuelekezwa Isiolo, mambo hugeuka. Barabara hupanda kwanza kupita Timau, kisha huanza kuteremka, na safari isipotimiza kilomita mia moja dereva yuko Isiolo, mahali penye mita 1,100 hivi tu. Ukihesabu tangu pale juu baada ya Timau, lori limeshuka zaidi ya mita elfu moja pamoja na mzigo wake.

Sasa, ni nini kilicholizuia lori lisiporomoke kama jiwe? Ni injini, kwa kiasi fulani, ikiwa dereva ametia gia ndogo. Na kilichobaki chote ni breki. Breki haifanyi muujiza. Hugeuza mwendo kuwa joto, basi. Lori la tani tano pamoja na mzigo, likishuka mita elfu moja, hutoa joto ambalo, kama lingekusanywa lote, lingeweza kuchemsha zaidi ya lita 120 za maji baridi. Joto hilo lote laingia katika vyuma vichache vilivyo nyuma ya magurudumu. Ndiyo sababu abiria walioshuka mteremko mrefu husikia harufu ya kuungua, wakadhani ni mtu anayechoma takataka kando ya barabara.

Joto likizidi, mambo mawili hutokea. Dramu ya breki hupanuka na kujitenga na pedi zake, na pedi zenyewe, zikiwa zimekwisha kuchakaa, hupoteza nguvu ya kushika. Tena mafuta ya breki, kwa asili yake, hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Mafuta mapya hustahimili moto mkali. Mafuta yaliyozeeka yenye maji ndani yake huchemka mapema na kufanya mapovu. Dereva akikanyaga, mguu wake wabana mapovu badala ya kusukuma breki, na kanyagio lafika sakafuni bila kazi. Mtu huyo alikuwa na breki nzuri asubuhi ile alipotoka Nanyuki. Fundi wake hakumdanganya. Alizijaribu breki zikiwa baridi, lori likiwa tupu, mahali palipo sawa, nazo zikashika.

Hapo ndipo kazi ya kituo cha ukaguzi inapoonekana. Kituoni gari huendeshwa juu ya vyuma vya duara vinavyozunguka, magurudumu mawili ya ekseli moja kwa wakati mmoja. Dereva hukanyaga breki, na mashine hupima kila gurudumu limeshika kwa nguvu kiasi gani. Jicho la fundi haliwezi kupima hayo. Gurudumu la kushoto likishika kwa nguvu na la kulia likalegea, katika barabara iliyo sawa dereva ataona gari lavuta upande kidogo tu, naye atalizoea. Siku ya mvua mteremkoni, tofauti hiyo hiyo ndiyo itakayoligeuza lori likae kukingama barabara.

Baada ya breki hutazamwa mambo mengine, nayo tutayapitia upesi. Nambari ya chesisi na ya injini hulinganishwa na zile zilizo katika hati. Taa za mbele hupimwa kama zaelekea mahali pake, si machoni mwa anayekuja. Magurudumu, wipa, indiketa, vioo, honi, na moshi pia. Mkaguzi huingia shimoni chini ya gari na kutikisa viungo vya usukani, kutazama springi, shokomzoba, na kama mafuta yavuja. Magari ya abiria na ya biashara huulizwa kidhibiti mwendo, na ya abiria mikanda ya usalama katika kila kiti. Kila gari na liwe na vibao vya kuonya vya pembetatu. Wenye matatu wa miji yetu hawajasahau mambo ya kidhibiti mwendo na mikanda; yalitiliwa mkazo na kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kushikwa kwa nguvu Februari 2004 wakati Bwana John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi. Hata leo watu huziita sheria za Michuki. Wakati ule wengi walilalamika kwamba biashara itakufa. Haikufa.

Wala jambo hili la ukaguzi si geni. Sheria ya barabara ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Kule Uingereza ukaguzi wa lazima ulianza mwaka 1960, kwa magari yaliyotimiza miaka kumi, nao ulihusu breki, taa na usukani tu. Walipoona jinsi magari mengi yanavyoshindwa, umri huo ukapunguzwa, mpaka mwaka 1967 ukawa miaka mitatu. Japani, ambako motokaa zetu nyingi zatoka, gari jipya la mtu binafsi hupewa miaka mitatu, kisha hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, na gharama yake si ndogo. Watu husema kwamba hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya Mjapani auze gari ambalo kwetu bado twaliona jipya. Lakini mwenye kununua gari hilo asijidanganye kwamba cheti cha Japani chatosha maisha yote. Cheti kile kilisema habari za gari kabla halijaonja njia za vumbi na mawe za Laikipia.

Twajua pia kwamba mlima wetu una upande wa pili. Katika barabara ya kutoka Meru kwenda Embu, pale penye daraja la Nithi, njia hushuka kwa ukali na kupinda kabla ya daraja. Jioni ya Jumapili, tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru liliruka daraja hilo likaanguka bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Habari za kwanza zilitaja breki. Wakaao karibu walisema, na kwa haki, kwamba barabara yenyewe pale ni mbaya, na wengi walikwisha kufia hapo kabla ya siku ile. Maneno yote mawili yaweza kuwa kweli. Mwenye gari hana uwezo wa kuunyoosha mteremko wa Nithi; breki zake anao uwezo wa kuzitengeneza. Katika nchi nzima, kila mwaka tangu 2021 hadi 2024, waliokufa barabarani walizidi 4,000.

Kuna jambo moja ambalo afadhali tuliseme wazi, ingawa halipendezi. Wako wenye magari ambao siku ya ukaguzi huazima magurudumu mazuri kwa rafiki, wakaazima na kizima moto na vibao, wakapita, na jioni wakarudisha vyote kwa mwenyewe. Kesho yake gari labeba watoto wa shule kwa magurudumu yaliyo laini kama kiganja. Mtu wa namna hii hujisifu gerejini kuwa amemshinda mkaguzi. Twamwuliza, mkaguzi amepoteza nini? Yeye hapandi gari hilo. Atakayelipanda ni mkewe, au mama mwenye vikapu vyake anayekwenda soko la Karatina, au yeye mwenyewe. Wako na wengine wanaowapa fedha madalali wanaosimama nje ya kituo na kuahidi cheti pasipo gari kufika. Cheti cha namna hiyo ni karatasi, tena ni hatia kwa aliyekitoa na kwa aliyekinunua.

Basi tuje kwenye swali la pili. Kazi hii iko mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, inayojulikana kwa herufi NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Waliomwambia msomaji wetu aende Nyeri hawakukosea, na waliosema Meru vilevile hawakukosea. Vituo viko pande zote mbili. Kwa mtu wa Nanyuki, Nyeri ndiyo iliyo karibu zaidi, kilomita 60 hivi kwa njia ya Naro Moru na Kiganjo. Mtu wa Timau aweza kuona Meru ni jirani. Wa Runyenjes yafaa atazame Embu.

Lakini asiamke tu asubuhi akaenda. Siku hizi nafasi huombwa kwanza kwa njia ya intaneti, katika akaunti ya eCitizen ya mwenye gari. Huko huchagua aina ya gari, kituo na siku, kisha hulipa. Vituo vyenye nafasi huonekana hapo hapo, kwa hiyo kama Nyeri imejaa juma zima, ataona mwenyewe kabla hajamaliza mafuta njiani. Asiyejua mambo ya kompyuta aweza kusaidiwa na vijana wa saiba mjini, ila namna ya kulipa aiangalie kwa macho yake mawili: malipo ya Serikali katika eCitizen hupitia nambari 222222 iliyoanza kutumika mwaka 2023, si katika simu ya kijana. Siku ya safari achukue hati ya gari, karatasi ya malipo na kitambulisho chake. Tena alioshe gari, na chini pia. Mkaguzi hawezi kuona ufa katika springi iliyofunikwa na matope ya mwezi mzima, na wengi hurudishwa kwa sababu hiyo ndogo.

Ni magari gani yapasayo kwenda? Matatu, mabasi, teksi, magari ya shule na malori ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na pasipo cheti gari la abiria halipati leseni ya kufanya kazi barabarani. Kwa mwenye motokaa yake ya nyumbani, sheria yataja gari lililozidi miaka minne tangu kutengenezwa. Lakini kwa miaka mingi wengi wa hao hawakufika kituoni ila walipobadilisha rangi, injini au umbo la gari. Shauri letu kwao ni hili: hata kama hujaitwa, mwombe fundi abadili mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili. Gharama yake haifiki bei ya gurudumu moja.

Lori likishindwa, mwenyewe asikasirike wala asitafute dalali. Atapewa karatasi yenye kuonyesha makosa, kila moja mahali pake. Karatasi hiyo yafaa kuliko ushauri wa watu kumi, kwa sababu fundi wa Nanyuki ataifuata mstari kwa mstari, asibahatishe kubadilisha hiki na kile kwa fedha za mwenye lori. Likiisha kutengenezwa, lirudishwe. Na kama kosa lilikuwa breki, lisipakiwe viazi kabla ya kurudishwa, hata kama mteja wa Isiolo anapiga simu kila saa.

Likipita, hupewa cheti pamoja na karatasi ndogo ya kubandika katika kioo cha mbele, yenye tarehe ya mwisho. Mwenye gari aiandike tarehe hiyo mahali atakapoiona na aombe nafasi nyingine wiki kadhaa kabla haijafika, maana mwisho wa mwaka vituo hujaa. Abiria naye aweza kuisoma kabla hajapanda. Iko pale kwenye kioo, karibu na ile ya bima.