Baiskeli ya Kuchukulia Mpunga

Ewe mkulima wa Mofu, ukitaka kuundiwa baiskeli mpya, fikiri kwanza gunia la mpunga na njia ya Ifakara. Rangi na kengele ni mambo ya mwisho.

Anza na gurudumu la nyuma, maana ndilo lichukualo uzito. Chagua rimu ya chuma ya inchi 28 yenye spoki 40. La mbele latosha spoki 32. Spoki zikilegea, rimu hupinda, na jasho la miezi mingi humwagika matopeni. Kabla ya kumlipa fundi, lizungushe gurudumu, likiyumba, alinyoshe.

Pili, keria iwe ya chuma kinene.

Tatu, gia ya nyuma iwe na meno 20 au 22 badala ya 18. Mwendo utapungua, lakini miguu haitachoka upesi.

Nne, pawe na nafasi ya kutosha baina ya tairi na madigadi, kwani wakati wa masika udongo mweusi wa bondeni hunata na kuzuia gurudumu.

Tano, angalia breki. Rimu ya chuma ikilowa, breki hazishiki vema. Basi mwenye mzigo na aende pole pole.

Fedha ikipungua, punguza mapambo, usipunguze gurudumu.