Mbegu Zilizotiwa Dawa na Mtoto Aliye Tumboni

Si jambo geni kukuta katika ghala la chama cha msingi magunia ya mbegu za kupanda yakiwa yamepangwa chini ya paa moja na nafaka ya chakula, na mizani inayotumika ikiwa ni ile ile. Tofauti inayoonekana ni rangi tu. Mbegu iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu na wadudu hupakwa rangi, mara nyingi nyekundu, ili kila mtu, hata asiyejua kusoma, aitambue kuwa si chakula. Yafaa ifahamike kwamba rangi hiyo siyo dawa yenyewe, bali ni alama ya kuonya. Rangi yaweza kutoka kwa maji, na dawa ikabaki.

Jambo hilo ambalo makatibu wengi hawaoni haja ya kulieleza siku ya kugawa mbegu liliigharimu nchi ya Iraki maisha ya watu wengi katika miaka ya 1971 na 1972. Baada ya ukame na mavuno mabaya, serikali ya nchi hiyo iliagiza kutoka nje zaidi ya tani 73,000 za mbegu za ngano na zaidi ya tani 22,000 za shayiri. Ngano nyingi ilitoka Meksiko. Mbegu hizo zilitiwa dawa ya ukungu yenye zebaki ya aina iitwayo methili-zebaki, zikapakwa rangi, na magunia yakaandikwa maonyo kwa Kispanyola na Kiingereza. Mkulima wa Iraki husoma Kiarabu au Kikurdi, kama anajua kusoma.

Shehena iliteremshwa katika bandari ya Basra kuanzia Septemba 1971. Ugawaji ulichelewa, na katika sehemu nyingi mbegu zilifika wakati wakulima wamekwisha kupanda akiba yao wenyewe. Nyumbani kulikuwa na njaa, na mlangoni kulikuwa na gunia la ngano nzuri iliyotolewa bure. Wako waliokuwa wamesikia kwamba ni sumu. Hao waliiosha mpaka rangi ikatoka, wakaamini kwamba sumu imekwenda na maji. Wengine waliwalisha kuku kwa siku chache, na walipoona kuku ni wazima, wakasaga unga na kuoka mikate. Si haki kuwacheka wakulima wale. Walifanya jaribio ambalo mtu yeyote mwenye busara angelifanya, ila hawakuambiwa kwamba sumu ya namna hii haionyeshi dalili mpaka zipite wiki kadhaa tangu ilipoanza kuliwa.

Kuanzia mwisho wa Desemba 1971 hospitali zilianza kupokea wagonjwa waliolalamika ganzi mdomoni na mikononi, kisha wakashindwa kutembea sawasawa, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona na kusikia. Waliolazwa walikuwa 6,530, na kati yao 459 walifia hospitalini. Hesabu hiyo ni ya waliofika hospitali tu.

Hata hivyo, sehemu ya habari hii inayowahusu zaidi wanachama wa leo ni ile iliyojulikana baadaye. Baadhi ya wanawake waliokula mikate ile walikuwa waja wazito. Waganga waliowafuata wanawake hao na watoto wao kwa miaka kadhaa waliona kwamba wako akina mama waliopata dalili ndogo tu, au wasiopata dalili yoyote, ambao watoto wao walizaliwa na ubongo ulioharibika. Watoto wengine walionekana wazima walipozaliwa, lakini walichelewa kutembea na kusema. Kipimo kilichotumika kilikuwa unywele wa mama. Unywele hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na zebaki iliyo katika damu huingia ndani yake unapoota. Kwa hiyo unywele mrefu ni kama daftari la mapokezi, ambalo kila mwezi una mstari wake. Kwa kupima kipande baada ya kipande, waganga waliweza kujua mama alipokea sumu kiasi gani na mimba ilikuwa ya miezi mingapi.

Kwa nini mtoto aumie kuliko mama anayembeba? Watu wengi hudhani kwamba kondo la nyuma ni chujio linalozuia kila kibaya. Kwa vitu vingi sivyo. Methili-zebaki hupita katika kondo bila shida, na hupimwa kwa wingi zaidi katika damu ya kiungamwana kuliko katika damu ya mama mwenyewe. Baada ya kuzaliwa, sehemu nyingine humfikia mtoto kwa maziwa. Sumu hiyo hutoka mwilini polepole sana: hupita takriban miezi miwili kabla nusu yake haijaondoka.

Sababu ya pili ni kwamba ubongo wa mtu mzima umekwisha kujengwa, na wa mtoto ungali unajengwa. Chembe za ubongo wa mtoto aliye tumboni huzaliwa mahali pamoja, kisha husafiri, kila moja ikienda mahali pake na kuungana na jirani zake. Methili-zebaki huvuruga safari hiyo. Chembe ikikosa kufika wakati wake, haipati nafasi ya pili, kama vile nguzo ya kati isivyoweza kusimamishwa baada ya nyumba kuezekwa. Mtu mzima akila sumu ile ile, chembe zake nyingine zitakufa, lakini mpangilio uliokwisha kuwekwa utabaki.

Viungo vingine navyo vina majira yake. Moyo, mikono, miguu, macho na masikio huanza kuumbika katika wiki nane za mwanzo, na mara nyingi mama bado hajajua kwamba ana mimba. Hilo lilithibitika kwa uchungu kutokana na dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa madukani Novemba 1961. Akina mama walioitumia hawakudhurika viungo, lakini watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walizaliwa na kasoro, wengi wao wakiwa na mikono au miguu mifupi mno, au hawana kabisa. Iliyokuwa hatari hasa ni dozi iliyomezwa kati ya wiki ya tatu na ya sita hivi tangu mimba kutungwa. Ubongo, kwa upande wake, hauna wiki chache za hatari kisha ukasalimika; huendelea kujengwa miezi yote tisa na miaka ya kwanza ya utoto.

Wenye kujua habari za Iraki wangeweza kuonywa na yale ya Minamata, mji wa wavuvi nchini Japani. Huko kiwanda cha kemikali kilimwaga baharini maji yenye zebaki, samaki wakaikusanya miilini mwao, na wakazi wakala samaki. Ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Lakini ilichukua mpaka mwaka 1962 kukubaliwa kwamba watoto waliozaliwa wamelemaa walidhurika wakiwa tumboni, kwa kuwa mama zao walionekana wazima. Katika nchi ile kuna desturi ya kuhifadhi kipande cha kiungamwana cha mtoto ndani ya kijisanduku. Vipande hivyo vilipopimwa miaka ya baadaye, zebaki ilikutwa humo.

Leo dawa za kilimo zenye zebaki zimepigwa marufuku chini ya mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji huo wa Minamata mwaka 2013. Isidhaniwe kwamba kwa sababu hiyo gunia jekundu la siku hizi halina neno. Lina dawa nyingine. Na katika rafu za pembejeo ziko dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati, zilizotengenezwa makusudi kushambulia mishipa ya fahamu. Mdudu hufa kwa sababu dawa hukifunga kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe unaopita kati ya mishipa ya fahamu. Ujumbe usipozimwa, mdudu hutetemeka mpaka afe. Binadamu anacho kimeng'enya hicho hicho. Ini la mtoto mchanga bado halina nguvu ya kutosha ya kuivunja dawa hiyo, na kwa kila kilo ya uzito wake mtoto hula, hunywa na huvuta hewa zaidi kuliko mtu mzima, tena hutambaa sakafuni na kutia mikono mdomoni. Huko New York ulifanyika uchunguzi wa watoto ambao damu ya kiungamwana chao ilikuwa imepimwa dawa iitwayo klorpirifosi. Taarifa ya mwaka 2011 ilieleza kwamba walipofika umri wa miaka saba, waliokuwa na dawa nyingi zaidi walionyesha upungufu wa kumbukumbu na akili. Mwaka 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiingiza dawa hiyo katika orodha ya zile zinazopasa kukomeshwa, pamoja na ruhusa kwa baadhi ya matumizi.

Makatibu wataona kwamba msiba wa Iraki, kwa sehemu kubwa, ulikuwa msiba wa ghala na ugawaji. Kwa hiyo yako yaliyo ndani ya uwezo wa kila chama. Maandishi ya gunia na ya kopo yasomwe kwa sauti mbele ya wanachama, kwa lugha wanayoizungumza nyumbani, na ielezwe wazi kwamba kuosha hakuondoi sumu. Kazi ya kupima mbegu zilizotiwa dawa, kuchanganya dawa au kufagia ghala lake asipewe mwanamke mwenye mimba wala anayenyonyesha, na kwa kuwa wiki za mwanzo hazijulikani, ni afadhali asipewe mwanamke yeyote anayetazamia kuzaa. Apuliziaye dawa avue nguo zake na kuoga kabla ya kumpakata mtoto. Makopo matupu yatobolewe yasije yakatekewa maji.

Mbegu inayobaki ihesabiwe na kuandikwa daftarini kilo kwa kilo, wala isiuzwe kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Na mbegu ikichelewa mpaka wakati wa kupanda ukapita, isigawiwe kabisa. Ikae chini ya kufuli, au irudishwe kwa aliyeiuza.